Ramani Nyuma ya Risiti

Chumba namba saba, kitanda futi tano,
feni inazunguka kwa hiari yake.
Mgeni katoka Bukoba, siku mbili njiani,
mkaguzi wa hesabu za ushirika wa korosho,
Rweyongeza, kaandika kitabuni kwa herufi za kulala.
Hajatua begi, anauliza:
"Dada, hapa Mtwara mtu anakula nini?
Au ndiyo wale panya wenu?"
Akacheka peke yake.

Nikamwambia panya si wa kila mgeni,
msimu wake umepita na bei yake huiwezi.
Na wewe, kaka, senene umemwachia nani?

Akakaa. Akaniazima kalamu.

Nikamchorea nyuma ya risiti ya LUKU.
Hapa tulipo, nukta.
Ukishuka Shangani, usiingie penye taa nyingi,
kule samaki anakuja na maelezo marefu na limau moja.
Nenda Feri, muulizie Fakihi, macho mekundu kwa moshi,
pweza anamkata mbele yako,
pilipili bure, supu kwa kikombe cha bati.
Usimuulize supu inasaidia nini.
Atakuambia.

Asubuhi, sokoni, ming'oko,
myembamba kama vidole vya mtoto aliyekaa sana majini.
Unaumenya kwa meno, unavuta,
ganda linabaki mkononi.
Usiufanyie haraka:
uliyemchimbia mtu ni mtu, alipiga magoti porini.

Kutazama, panda bajaji mpaka Mikindani.
Milango mingine imebaki fremu,
mbuzi anaingia bila hodi.
Watakuonyesha mahali walipouzwa watu.
Usipige picha ukitabasamu.
Kaa kidogo. Kisha nunua maji.

"Na usiku?"

Hapo kalamu ikasimama.
Enzi za gesi ningejaza karatasi pande zote.
Tulikuwa na Klabu ya Bomba, taa za kijani,
watu wa mitambo wakilipa bia kwa dola,
nyumba za wageni zikiota kama uyoga wa masika,
hii yetu mmojawapo.
Nami nikajifunza kusema "karibu" kwa sauti ya redioni.
Kisha wakaondoka.
Klabu ya Bomba leo inauza pumba na chakula cha kuku.

Usiku umerudi kwa wenyewe, nikamwambia.
Ukisikia ngoma upande wa Chikongola, ifuate,
kuna wali wanatolewa, si wali wa kula.
Simama nyuma ya akina mama,
usikodolee viuno,
ukipewa kata ya uraka, onja, shukuru, rudisha.

Hakurudisha, nadhani.
Saa tisa usiku aliingia viatu mkononi,
vumbi mpaka magotini,
akanipungia kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Kulipokucha kaacha ufunguo, na ramani yangu.
Kati ya Feri na soko kaongeza msalaba,
na maneno yake yaliyolala:
*Hapa. Mkate wa kumimina. Mama kiziwi. Saa kumi alfajiri.*

Nimezaliwa Ligula, miaka thelathini na moja.
Hapo sipajui.
Pweza wa Fakihi nimemwonja mara mbili.
Klabu ya Bomba niliishia mlangoni,
nikimpelekea mgeni ufunguo aliousahau.
Ngoma ya Chikongola huwa naipata kwa dirisha la jikoni,
nikikunja mashuka.

Chumba namba saba ki wazi tangu Jumanne.
Wino wa risiti unafifia,
umeme wenyewe uliisha zamani.

Leo, saa kumi kasorobo, nimemwamsha Hokororo mlinzi,
nimemkabidhi funguo zote.
"Kuna nini?"
"Naenda kula."
"Saa hizi? Wapi?"
Nikampa karatasi.
Akaimulika kwa tochi, akaigeuza,
akasoma upande wa pili, taratibu, kwa sauti:
"Uniti kumi na nane nukta tatu."