Jiwe la Sikioni

Sambaza nilizinunua Kituku alfajiri,
bakuli mbili, na Mama Kavira akaniongezea konzi moja
nilipomwambia si za kula.
"Za nini basi?"
Za kusoma.
Akacheka hadi akashika kiuno:
"Watoto wa siku hizi wanasoma hata mboga!"

Ni wiki ya pili ya vakansi. Madirisha hayana vioo
na vumbi jeusi la kiangazi
limetutangulia kukaa kwenye madawati.
Watoto kumi na tisa, nyembe saba,
vifuniko vya ndoo, pini za nywele za dada zao.
Hadubini ni moja, ya kuazima,
nimeipakata kwenye pikipiki kutoka hospitali
kama mtu anayempeleka mgonjwa, ila njia ni ya kurudi.

Umeme hakuna. Nakigeuza kioo chake kilitafute jua.

Pasueni kichwa nyuma ya jicho, taratibu.
Si hapo, Bauma, huo ni ubongo.
"Kumbe anao?"
Ushindi ameziba pua kwa mkono mmoja,
kwa mwingine anachimba, anachimba, ulimi nje,
mpaka pini inagonga kitu kigumu, cheupe,
kidogo kuliko punje ya chumvi.

Jiwe. Kila sambaza analo sikioni.
Tukilisugua kwa msasa likawa jembamba kama ganda la kitunguu
linaonyesha duara ndani ya duara ndani ya duara:
kila siku aliyoishi ziwani imeacha mstari wake.

Kanyere anahesabu kwa sauti,
anapotea kwenye themanini na kitu, anaanza upya.
Nyuma yake wanamsukuma. Hatoki.
"Siku hii ni nyembamba," anasema. "Alilala njaa?"
Sijui, namwambia. Huenda.

Miaka kumi na mmoja nimekiinamia kioo hiki
nikitafuta vimelea katika damu ya watoto wa rika lake.
Shingo yangu imezoea kuinuka na habari mbaya.
Leo imeinuka, na sina la kumwambia mtu
ila: njoo, uone.

"Na sisi tunayo?" anauliza Ushindi.
Tunayo. Vumbi tu la mawe, ndani kabisa ya sikio.
Ndilo linalokwambia juu ni wapi, chini ni wapi,
ukifumba macho usianguke.

Kimya.
Kisha wote, bila kuambiwa,
wanafumba macho, wanainua mguu mmoja
juu ya sakafu iliyomwagwa juu ya lava
iliyomwagika juu ya lava ya zamani zaidi,
wanayumba, wanagongana, Bauma chini, kicheko,
na Kanyere peke yake bado amesimama,
mikono ameitandaza, vidole vinanuka samaki,
uso umeinama kidogo upande
kama anayeitwa kutoka mbali.

Mlangoni paka wa mlinzi
anamalizia somo.