Mdhamini

Karatasi zilikuwa sita, na ya sita ilitaka mtu.
Si baba. Baba ni mkulima wa mihogo kule Vurra,
na fomu ilisema wazi: mwenye mshahara.
Nikaupekua ukoo wetu wote
kama anayetafuta sindano mkekani.
Hamna.
Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Onzima.

Mshahara wake nao ulikuwa kama mvua ya Januari,
unasikia tu watu wakiusimulia.

Nilimkuta uani amechuchumaa, anaziba pancha,
mpira wa baiskeli kauzamisha kwenye beseni,
anasubiri povu limwonyeshe tundu.
"Nimepata," nikasema. "Chuo kikuu! Ada, malazi, chakula, hata vitabu.
Miaka mitatu wananilipia,
halafu minne nafundisha shule ya serikali
popote watakaponituma."

Hakusema hongera.

Darasa la tano tulikuwa mia moja thelathini na wawili.
Wa nyuma hawakuuona ubao wala hawakumsikia,
kwa hiyo alinisimamisha katikati, karibu na nguzo:
anene yeye, nirudie mimi,
sauti yangu ifike kule ya kwake ilikochokea.
Saba mara nane?
Saba mara nane!
Hamsini na sita ikapita kinywani mwangu
ikaenda kukaa na watoto walioketi juu ya matofali.
Siku ya mwisho akaniita pembeni.
Candiru, soma uwe chochote.
Uwe nesi, uwe karani wa benki.
Usije ukawa mimi.

Sasa akapangusa mikono kwenye suruali,
akavaa miwani, sikio moja limeshikwa na waya,
akausoma mkataba mstari kwa mstari,
na kalamu nyekundu ikatoka mfukoni yenyewe
kama mbwa aliyesikia jina lake.
Ukurasa wa pili akaongeza nukta.
Wa tatu, neno lililokosa herufi: akalizungushia duara.
Wa nne akapiga mstari chini ya "popote",
akaandika pembeni, kwa mwandiko ule ule wa daftari zangu,
Popote ni wapi? Fafanua.

"Mwalimu! Hii ni ya serikali!"
"Naona," akasema. "Saba kwa kumi."

Kisha akauliza lile swali ambalo fomu iliuliza kwanza,
kwa nini ualimu.
Kwenye fomu nilikuwa nimeandika mambo ya mwanga na taifa,
mistari kumi, hakuna hata mmoja niliouamini.
Kwake nikasema:
nilipenda vile hamsini na sita ilivyokuwa inatoka kwako,
inapita kwangu,
halafu unamwona Letia, yule wa mwisho kabisa, anatikisa kichwa.
Imefika.

Akanyamaza. Akarudi kwenye beseni,
akauminya mpira polepole, pande zote,
mpaka povu dogo likapanda.
Akaweka kidole penye tundu asilipoteze,
na kwa mkono mwingine, mkataba juu ya goti,
akatia sahihi.

Karani wa Arua aliikataa.
Wino mwekundu marufuku, bluu au nyeusi tu,
na nani kaichafua hivi karatasi ya wizara?
Nikapewa nyingine. Onzima akaisaini kwa bluu,
haraka, bila kuisoma,
kama mtu anayekunywa kwinini.

Ile ya kwanza ninayo. Imekaa miaka mitatu
chini ya godoro la bweni, kisha ndani ya Biblia, kisha tena chini ya godoro.
Imenifundisha kuliko wahadhiri wawili au watatu nisiowataja.

Jana barua ya kupangiwa kazi ilifika.
Nimeitoa karatasi, nimeinyoosha kwa kiganja,
na pembeni, chini ya swali lake,
nimeandika kwa penseli, herufi ndogo:
Kaabong.

Bado haijasahihishwa.