Hati ya Makabidhiano

Kwako Bi Agripina, Mtendaji mpya wa Mtaa wa Kidongwe:
funguo ni mbili. Wa kabati hauzunguki
mpaka uunyanyue kidogo,
kama unayemhamisha mtoto aliyelala.

Rafu ya chini mchwa wamekula mwaka 1958
wakauacha 1959. Usiniulize walichagua vipi.
Daftari la Jumbe Mwinchande lipo:
majina ya walipa kodi, na mkabala wa kila jina dole gumba.
Jumbe hakujua kusoma. Alikuwa na kumbukumbu,
fimbo, na karani aliyemwogopa.
Aliyekosa shilingi aliitwa Kisarawe, kwa miguu,
na mpunga wake ukavunwa na ndege.

Diwani wetu wa kwanza, Kirumbi, alikuwa fundi baiskeli.
Aliomba kisima vikao saba.
Muhtasari wa saba unasema: Hoja ya kisima iahirishwe.
Kikao cha nane hakikuwapo.
Mwaka 1972 halmashauri ilivunjwa
kwa barua ya mistari minne, na mmoja wao ni salamu.
Kirumbi alirudisha faili, akajaza upepo tairi la mwalimu.

Kisha tukawa kijiji, chenye namba.
Katibu Pazi aliandika pembezoni mwa muhtasari,
kwa penseli, labda akidhani hakuna atakayesoma:

    Tumepangwa kwa mstari, nyumba zinatazamana,
    Umewasili muhuri, na wino bado hapana,
    Twaambiwa tusubiri, tangu juzi, tangu jana,
    Tu kijiji kwa habari, kwa wino si kitu, bwana.

Nimesoma nyaraka nyingi za serikali.
Hiyo ndiyo pekee niliyoihifadhi kichwani.

Halmashauri ilirudi 1984
kama mjomba aliyepotea, akiulizia kwanza chakula.
Kirumbi naye alirudi, meno matatu, shati lilelile.
Akasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kuhusu kisima..."
Ukumbi mzima ulicheka.
Yeye alisubiri wamalize, akaendelea.

Wilaya zilituhama, sisi hatukuhama.
Tuliamka tukiwa wa huku, tukalala wa kule,
mto uleule, makaburi yaleyale,
na kila wilaya ikaja na kibao chake;
vile vya zamani tulitengenezea banda la kuku.
Mpaka vikaja vigingi vya zege,
vijana wenye fulana za kung'aa na darubini ya miguu mitatu,
na tangazo mlangoni: kuanzia Julai, Kidongwe ni mtaa.
Watu walipiga makofi. Walisikia mtaa, wakadhani taa.
Taa zilikuja kweli, miaka sita baadaye,
kandokando ya barabara ya lami tu.

Hakuna aliyetusomea upande wa pili wa karatasi:
kwamba kijiji kikiondoka kinaondoka na mkutano wake,
ule uliogawa mashamba kwa kunyoosha mikono,
na mikono iliyonyooshwa siku ile
haina namba ya kiwanja.

Nakukabidhi basi: kabati moja, meza moja (mguu mmoja ni tofali),
viti vinne, bendera iliyopauka, muhuri mpya wa Mtaa.
Muhuri wa kijiji niliagizwa niupeleke manispaa uharibiwe.
Niliupeleka. Nina risiti.

Ila kuna jambo sikuliandika kwenye orodha.
Jumatatu atakuja Bi Tatu binti Chambuso
na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni wa sukari:
ekari mbili na nusu, minazi kumi na mmoja,
sahihi ya Pazi, muhuri wa kijiji, wino wa zambarau.
Huja kila Jumatatu tangu tulipokuwa mji.
Atakuuliza kama muhuri huo bado unasema kweli.

Sheria iko kwenye faili la kijani, nimekuwekea alama ya ukurasa.
Mimi miaka tisa nimemjibu: "Hoja iahirishwe."

Ukimwona, mpe kiti kwanza.
Kile cha dirishani. Vingine vinayumba.