Chupa Nambari Kumi na Saba

Imeletwa Mkomani jana, ndani ya spiriti:
jike, sentimita kumi na nane,
jeusi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni,
kutoka mita elfu moja na mia mbili chini, mashariki ya Mombasa,
ambako jua ni uvumi tu.

Naandika daftarini. Meno ishirini na tisa, yameinamia ndani:
kuingia ruhusa, kutoka hakuna.
Juu ya paji, ufito. Kwenye ncha ya ufito, kitunguu cheupe.
Humo waliishi bakteria, wapangaji wake,
wakilipa kodi kwa mwanga.
Leo pamezimika.

Tumboni, ubavu wa kushoto, kinundu
kama kokwa ya tende.
Mwakio akashika wembe akikwangue.
"Ngoja," nikamwambia, "huyo ni mume."
Akacheka hadi miwani ikamteleza;
yeye mwenyewe anakaa Kisauni, kwa mama mkwe.

Alizaliwa pua tupu, tumbo halina kazi.
Akafuata harufu gizani, na alipofika
akauma, asiachie.
Ngozi ikashika ngozi, mshipa ukapata mshipa,
macho yakanywea (macho ya nini tena?),
moyo mmoja ukalisha wawili.

Nikaweka kalamu.

Mwaka juzi, Makadara,
nilimpa Shekue figo yangu ya kushoto.
Sheikh alishatuambia sisi ni mwili mmoja.
Mwili wake haukuwa na habari.
Dawa zikawalaza askari wa damu siku kumi;
ya kumi na moja wakaamka,
wakaikagua, wakaiuliza kabila,
wakaikataa.
Wakaja watu wa Kuze na chupa za uji:
damu nzito kuliko maji, wakasema,
ingetoka kwa ndugu.

Jike hili, nimesoma, limewastaafisha askari wake.
Limevunja lindo, likakaa na mlango wazi
kwenye giza lenye njaa na maradhi,
ili huyu mgeni asifukuzwe.
Linaponaje? Wataalamu bado wanauliza.
Na mimi nauliza, nikikuna kovu.

"Tuandike samaki mmoja au wawili?"
Mwakio kashika lebo, gundi inakauka.
Acha nafasi, namwambia.

Saa nane navuka Daraja la Nyali
kumchukua Shekue mashineni.
Atakuwa na baridi mikononi, kama kila Alhamisi,
na ataniuliza leo nimeona nini.