Jambo Dogo

Wanaume wa Tukuyu hawasemi mkojo.
Husema mgongo, husema baridi ya Juni,
husema bei ya viazi; ndipo, mkono ukiwa kitasani:
"Daktari, kuna jambo dogo."

Miaka thelathini na moja Daktari Ambakisye
alilingoja jambo hilo dogo.
Mawe aliyoyatoa yalijaa kopo la kahawa,
moja, la mzee wa Isongole, sawa na parachichi changa.

Leo yuko benchi la nje, kofia ya sufu masikioni.
Usiku ameamka mara sita.
Bupe, aliyefundishwa naye kushika kisu, anamwita ndani.

"Shikamoo, Mwalimu. Tatizo nini?"

Anatazama dirishani: ukungu umefunika Loleza.
"Mgongo," anasema. "Na baridi hii..."

Bupe analaza kalamu.
Anangoja.