Hawabishi Hodi

Mbeya, Julai. Loleza umejifunika ukungu mpaka shingoni.
Choo cha Anyelwisye, miaka minne,
kimeotesha vidoa vyeusi usiku kucha.

Nyie hamvunji mlango.
Mnamdunga mwenye nyumba sindano
nyembamba kuliko uongo,
naye, kama kalewa, anaunyanyua ukuta wake mwenyewe
na kuwafunika ndani kama washenga.

Mama yake aliniuliza: "Waliingiaje?"
Nikasema maziwa mabichi.
Sikusema: walikaribishwa.

Kwenye sahani ya pili nimetia dawa ya majaribio.
Haiui.
Inaziba tundu la sindano, basi.
Asubuhi nachungulia:
wamejaa uani, wazima, wanahangaika;
seli imelala, komeo limekaza.

Wodini, kwa dawa zetu za zamani,
mtoto anadai uji. Kwa hasira.