Nyuso za Novemba

Saa kumi na moja na nusu nafunga dirisha namba nne,
Kampuni ya Maji, Arequipa.
Nimeshatukanwa na watu thelathini na wawili,
mmoja wao padri.
Nasema samahani, nagonga muhuri, nasema samahani tena,
na mshahara huingia tarehe ishirini na nane
kimyakimya, kama mpangaji anayedaiwa.

Saa mbili usiku mimi ni mtu mwingine.
Meza ni ileile ya chakula, kitambaa nimekigeuza,
taa nimeishusha kwa kamba,
na mbele yangu nyuso mia mbili za plasta,
kila moja kama ukucha wa dole gumba,
hazijapata macho.
Novemba inakuja. Waokaji wa Yanahuara na Cayma
watakanda mikate yenye umbo la vitoto,
vitoto vya ngano vilivyoviringwa nepi za unga,
na mkate usio na uso, hapa kwetu, ni mkate tu.

Uso mmoja senti thelathini.
Nyusi, mdomo, mashavu mekundu.
Brashi ina nywele tatu:
pumzi naishika, mstari nauvuta, pumzi naiachia.
Mkono ukiteleza, nimezaa mtoto mwenye hasira.
Hao nao wana soko.
Watu huwapelekea wakwe zao.

Dada yangu Maruja akanipigia simu kutoka Tacna:
"Nélida, mshika mbili moja humponyoka."
Nikamwambia ndiyo.
"Njia mbili zilimshinda fisi."
Nikamwambia fisi hakuwa na kodi ya nyumba,
fisi hakuwa na mtoto chuoni mwaka wa tatu,
wala hakuwahi kukaa nyuma ya kioo
akitabasamu kwa mkataba.

Lakini nisidanganye: kuna siku zilinishinda.
Nililala juu ya nyuso mbichi, nikaamka na wekundu shavuni,
nikaenda nao kazini. Bwana Salinas, mkuu wa kitengo,
akaniuliza kama nina homa.
Nikasahau siku ya kuzaliwa ya mume wangu.
Eleuterio alijikaangia yai, akala amesimama,
kisha akaketi kando yangu akawa ananikaushia nyuso
kwa kuzipuliza, moja moja, bila neno.
Neno lingeniuma kidogo kuliko ile pumzi.

Wiki ileile alikuja mjane dirishani.
Alitaka jina la mumewe litolewe kwenye ankara.
Akapitisha kitambulisho cha marehemu chini ya kioo:
nyusi zilizoungana,
sikio moja limechomoza kuliko mwenzake.
Fomu ya kubadilisha jina ina vipengele kumi na kimoja.
Nilivijaza polepole kuliko inavyoruhusiwa.
Usiku, katikati ya mia mbili,
uso mmoja ulitoka na nyusi zilizoungana.
Sikuukusudia. Sikuufuta pia.
Ulikwenda Cayma na wenzake kwenye boksi la viatu.

Desemba nikapiga hesabu.
Nyuso elfu moja na mia tisa, soli mia tano na sabini.
Toa plasta, toa rangi, toa teksi,
toa miwani mipya, maana ya zamani ilishakata tamaa.
Zikabaki mia na themanini na kitu.
Maruja alicheka mpaka akakohoa.
Nimpe haki yake, hesabu iko upande wake.

Januari hakuna anayetaka uso.
Vidole havijaambiwa.
Mvua inapiga paa la ofisi, foleni imefika barabarani,
mashine ya kuchapa imekufa, tunaandika ankara kwa mkono.
Nyumba moja kule Cerro Colorado:
deni, sifuri.
Kalamu ikasita juu ya sifuri ile.
Nukta mbili.
Kistari chini yake, kimepinda kwenda juu.
Nikagonga muhuri pembeni, nisiuguse,
nikaita:
"Anayefuata."